Gari Lilimshinda Dereva

Msomaji, yako maneno matatu ambayo katika nchi yetu huzika maiti mara ya pili. Mara ya kwanza maiti huzikwa na jamaa zake kwa machozi na nyimbo. Mara ya pili huzikwa katika taarifa, kwa maneno haya: gari lilimshinda dereva. Yakisha kutamkwa, faili hufungwa, gazeti hukunjwa, nasi huendelea na safari zetu.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha barabara likawaparamia watu waliokuwa wakiuza na kununua kando ya njia. Watu zaidi ya 50 walikufa. Katika habari za kwanza zilizotoka huko, wakati majeruhi wangali wakipelekwa hospitalini, yalikuwamo maneno yale yale matatu. Sisemi yalikuwa ya uongo. Nasema hayakuwa jibu. Ukimwuliza mtu kwa nini mtungi umevunjika, naye akakuambia kwamba ulimponyoka aliyeubeba, bado hujaambiwa kitu. Je, aliteleza? Mtungi ulikuwa na ufa? Mfinyanzi aliujua ufa huo alipouuza? Vivyo hivyo gari. Lilimshinda kwa nini? Je, ni breki, au tairi, au mzigo, au usukani, au barabara yenyewe? Ama ni kosa lililokuwamo ndani ya gari tangu siku lilipotoka kiwandani, wakubwa wa kiwanda wakalijua wakalinyamazia? Maneno yale matatu hayaulizi hata moja katika hayo, na ndiyo maana yanapendwa.

Najua utakavyonijibu, maana nimejibiwa hivyo mara nyingi katika chumba cha walimu. Utaniambia kwamba madereva wetu ni walevi, hukimbia mno, hupita wenzao kwenye kona, husinzia usukanini. Kweli tupu. Katika mwaka wa 2022 na tena 2023, barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na asiyeiona sehemu ya madereva katika hesabu hiyo ni kipofu. Lakini kweli moja haikuumbwa ili kuifukia nyingine. Wapo hata wanaoleta tarakimu kutoka Marekani, wakisema kwamba ajali 94 katika kila 100 ni za dereva. Tarakimu hiyo imo katika waraka wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka wa 2015. Waraka huo ulikuwa ukihesabu jambo la mwisho lililotokea kabla ya mgongano, na uliandika wazi kwamba jambo hilo lisichukuliwe kuwa ndilo chanzo cha ajali wala kuwa ni kumtaja mwenye kosa. Waitajao tarakimu hawakuendelea kusoma. Mwanafunzi akifanya hivyo katika mtihani wangu, namkata alama.

Tena hoja hii ya kumtwika dereva lawama zote si ngeni, wala haikuzaliwa kwetu. Ilikuzwa na wenye viwanda vya motokaa huko Marekani, nao walikuwa na faida ndani yake. Katika mwaka wa 1959 kampuni ya General Motors ilitoa gari lililoitwa Chevrolet Corvair, injini yake ikiwa nyuma. Wenye magari hayo wakaanza kulalamika, na wengine wakaenda mahakamani, wakisema kwamba gari huwageukia ghafula katika kona, mkia ukataka kutangulia kichwa. Mwaka wa 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, alitoa kitabu kuhusu magari yasiyo salama, na sura yake ya kwanza ilikuwa juu ya gari hilo. Kampuni ilifanya nini? Iliajiri wapelelezi wakamfuate Nader mwenyewe, wachunguze maisha yake. Mwezi wa Machi 1966 mkuu wa kampuni alisimama mbele ya kamati ya Baraza la Senate akaomba radhi, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya usalama wa magari. Kwa haki yapasa niongeze kwamba mwaka wa 1972 serikali ya Marekani ililipima gari lile ikasema halikuwa baya kuliko mengine ya wakati wake. Mimi sioni kwamba neno hilo lililitakasa gari. Huenda lilionyesha tu jinsi yale mengine yalivyokuwa.

Sasa ili tusigombane juu ya jambo tusilolijua, na tutazame kwanza maana ya gari kumshinda dereva.

Gari halishiki barabara kwa kitu chochote ila vipande vinne vya mpira, kila kimoja kadiri ya kiganja cha mkono. Maadamu vipande hivyo vinashika, gari huenda kule usukani unakoelekea. Barabara ikilowa, au mwendo ukizidi, au dereva akikata usukani ghafula kumkwepa mtoto, mshiko hupungua. Yakiteleza magurudumu ya mbele, gari hukataa kupinda, likaenda moja kwa moja kuelekea bondeni ingawa usukani umekatwa hadi mwisho. Yakiteleza ya nyuma, mkia hutoka nje, gari likazunguka kama pia. Dereva hodari aweza kulirudisha mara moja au mbili. Dereva wa kawaida, mimi na mzazi wako, hukanyaga breki kwa nguvu zote akaongeza balaa. Wala hakuna njia nyingine mikononi mwake, kwa sababu magurudumu ni manne lakini kikanyagio cha breki ni kimoja tu.

Mwaka wa 1995 kampuni mbili za Kijerumani, Bosch na Mercedes-Benz, zilileta barabarani mtambo wa kuitibu shida hiyo. Na tuuite mtambo wa uthabiti. Kuna vihisi katika kila gurudumu vinavyopima mzunguko wake. Kuna kihisi katika usukani kinachosoma ni wapi dereva anataka kwenda. Kuna kingine ndani ya gari kinachojua gari lenyewe linageuka kwa kasi gani. Mara 25 katika kila sekunde mtambo hulinganisha nia ya dereva na mwendo wa gari. Vikiachana, hufanya kile ambacho mguu wa binadamu hauwezi: hufunga breki ya gurudumu moja peke yake. Mkia ukitaka kutoka, hushika gurudumu la mbele la upande wa nje. Gari likikataa kupinda, hushika la nyuma la upande wa ndani. Tena hupunguza nguvu za injini. Yote hayo hutukia kabla dereva hajatambua kwamba alikuwa hatarini. Serikali ya Marekani ilipotoa amri mwaka wa 2007 kwamba kila gari jipya la abiria liwe na mtambo huu ifikapo Septemba 2011, ilikadiria kwamba utapunguza ajali za gari moja peke yake kwa asilimia 34 katika magari madogo, na asilimia 59 katika yale marefu ya kubeba jamaa nzima.

Je, watoe shukrani kwa nani wenye magari madogo waliookolewa na mtambo huu? Utasema wahandisi, nami sikukatalii. Lakini hapo mwanzo mtambo uliwekwa katika magari ya matajiri. Ulishuka hadi kwa watu wa kawaida kwa sababu ya lalamiko, na kisa chake kinastahili kusimuliwa polepole.

Katika nchi ya Uswidi yupo mnyama wa msituni wa jamii ya kulungu, mkubwa kama ng'ombe, mwenye miguu mirefu, ambaye hutokea barabarani bila kubisha hodi. Kwa hiyo waandishi wa jarida moja la magari la huko, Teknikens Värld, wana desturi ya kulijaribu kila gari jipya: hulipeleka kwa kasi, kisha dereva hukata usukani upande mmoja na kuurudisha mara moja, kana kwamba anamkwepa mnyama huyo. Tarehe 21 Oktoba 1997 walilijaribu gari dogo jipya la Mercedes-Benz, A-Class. Kwa mwendo wa kilomita kama 60 kwa saa, gari liliinua magurudumu likapinduka.

Sasa sikiliza wakubwa walivyosema. Kwanza jaribio lilikuwa kali kupita kiasi. Kisha lawama ikaelekezwa kwenye matairi. Kila kitu kilikuwa na kosa isipokuwa gari. Waandishi wengine wakalichukua Trabant, gari kuukuu la Ujerumani ya Mashariki lililokuwa likichekwa Ulaya nzima, wakalipitisha katika jaribio lile lile. Likapita. Dunia ikacheka, na kicheko kilifanya kazi ambayo hoja zilishindwa kuifanya. Mwezi wa Novemba kampuni ilisimamisha kuyatoa magari hayo, ikabadili miguu na chemchemi zake, ikayaita yaliyokwisha kuuzwa, na katika kila A-Class, bila malipo ya ziada, ikatia mtambo wa uthabiti. Gari dogo likapata kilichokuwa mali ya magari makubwa, na kampuni nyingine hazikuweza tena kusema kwamba kitu hicho ni anasa. Wale waandishi waliitwa wachokozi. Leo hii ukipinda kona yenye matope ukafika salama, huenda ni kwa sababu ya uchokozi wao.

Hata hivyo, usidhani kwamba kila anayelalamika husikizwa. Sikiliza visa viwili vya kampuni moja, Toyota, vilivyofikia mwisho wake katika mwezi mmoja, Aprili 2010. Cha kwanza ni cha gari kubwa liitwalo Sequoia, la mwaka wa 2003. Wenyewe walilalamika kwamba walipoondoka mahali waliposimama, mtambo wa uthabiti uliamka pasipo sababu, na kwa sekunde chache gari likakataa kuongeza mwendo kama walivyotarajia. Jiweke mahali pao: umeingia barabara kuu, lori linakuja, nawe unakanyaga mafuta na gari linajifikiria. Kampuni ililirekebisha jambo hilo kiwandani mwaka ule ule wa 2003, na mafundi wake wakapewa maagizo. Aliyelalamika alitengenezewa lake. Asiyelalamika hakuandikiwa barua. Malalamiko yakazidi kuandikwa serikalini, uchunguzi ukafunguliwa mwaka wa 2008, na ndipo mwaka wa 2010 magari kama 50,000 yalipoitwa yarudi. Kampuni ilisema kwamba haikupata habari ya mtu aliyeumia kwa kosa hilo. Nashukuru kama ndivyo. Lakini ni miaka 7.

Cha pili ni cha gari la Lexus GX 460, ambalo ni ndugu wa tumbo moja na Land Cruiser Prado tunayoiona kila siku ikipita na bendera. Jarida la wanunuzi la Marekani, Consumer Reports, lililijaribu likaona kwamba dereva akiingia katika kona kwa kasi kisha akaondoa mguu kwenye mafuta, mkia hutoka mno kabla mtambo wa uthabiti haujaushika. Likawaambia wasomaji wake: msilinunue. Siku ile ile kampuni ikasimamisha mauzo, na siku 6 baadaye ikayaita magari kama 9,400 ya Marekani, na Prado za nchi nyingine pia. Wala hapakubadilishwa hata msumari. Kilichorekebishwa ni programu, yaani zile kanuni zinazouongoza mtambo.

Siku 6 kwa hawa, miaka 7 kwa wale. Mabwana wale wa Sequoia walikuwa wakilalamika mmoja mmoja, kila mtu katika gereji yake, kila mtu akidhani ni gari lake tu. Jarida lilisema mara moja, likasikiwa na mamilioni. Ndiyo sababu mimi hukasirika nisikiapo mtu akimcheka mwenye gari anayeandika malalamiko. Lalamiko moja ni manung'uniko. Malalamiko mia ya namna moja, yakiwekwa mahali pamoja na kuhesabiwa, ni ushahidi. Huko Marekani iko ofisi ya serikali ambayo mwenye gari yeyote aweza kuiandikia bila malipo, na ofisi hiyo ina nguvu ya kuilazimisha kampuni iyaite magari yake. Haifanyi kazi yake vizuri sikuzote, kama utakavyoona sasa hivi, lakini mahali pa kuyaweka pamoja papo.

Pasipokuwa na mahali hapo, au pakiwapo na watu wakasinzia, hutokea mambo kama yaliyompata msichana mmoja wa jimbo la Texas. Mwaka wa 2004 alikuwa akiendesha gari la General Motors, mchumba wake ameketi ubavuni. Gari likaacha barabara, likagonga mti, mchumba akafa. Hapakuwa na gari jingine wala alama za breki. Basi nani mwenye kosa? Gari lilimshinda dereva! Msichana alishitakiwa, na mwaka wa 2007 akakiri kosa la kuua kwa uzembe. Akaishi na neno hilo, nalo likaishi naye, kila asubuhi.

Katika gari lile kulikuwa na swichi ya ufunguo iliyolegea. Likitikiswa, au ufunguo ukivutwa na uzito wa funguo nyingine, swichi iliweza kuteleza. Ikiteleza, injini huzimika katikati ya mwendo, usukani huwa mzito ghafula, na mifuko ya hewa ya kuwalinda abiria haifunguki. Wenye magari walikuwa wamelalamika kwamba injini huzimika njiani, na kampuni ilikuwa na malalamiko hayo tangu 2004 na 2005. Baadaye swichi ilibadilishwa kwa nyingine yenye nguvu, lakini namba ya kifaa ikaachwa ile ile, hata aliyetaka kulinganisha mpya na ya zamani hakuona tofauti katika karatasi. Miezi kadha kabla msichana hajakiri mahakamani, kampuni ilikuwa imekwisha kuichunguza ajali yake kimya kimya na kuona kwamba gari ndilo lenye lawama. Hakuna aliyemwambia. Wito wa kuyarudisha magari hayo, kiasi cha milioni 2.6, ulitolewa mwaka wa 2014. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Mwaka wa 2015 kampuni ilikubali kuilipa serikali dola milioni 900. Na yule msichana? Novemba 2014, miaka 10 baada ya ajali, hakimu alilifuta kosa lake. Dola za serikali zilihesabiwa. Asubuhi za msichana hazikuhesabiwa na mtu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, baada ya kumsimulia kisa hiki, kwa nini nawapigia kelele watu wa Kenya kwa dhambi za Marekani. Swali zuri. Jibu lake lateremshwa Mombasa katika meli.

Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani. Sheria yetu hairuhusu gari lililopita umri wa miaka 8, na kwa kuwa Japani nayo ilikwisha kuufanya mtambo wa uthabiti kuwa lazima, magari mengi yanayoshuka siku hizi huja nao. Huja na mengi mengine pia. Umepata kupanda gari ambalo, ufunguo ukizungushwa, sauti ya mwanamke humwamkia mwenyewe kwa Kijapani? Sisi hucheka, watoto hujifunza kumwiga. Bibi yule aghalabu husema tu kwamba kadi ya kulipia barabara haimo. Lakini angekuwa akisema kwamba breki zina kasoro, tungecheka vile vile.

Kampuni ikiyaita magari yake, barua hupelekwa kwa mtu aliyeandikishwa kuwa mwenye gari. Barua hufika Osaka. Gari liko Nakuru. Kosa limesafiri, onyo limebaki. Mwenye gari wa Nakuru, kama hakuambiwa na mtu, hajui hata kwamba kuna kitu cha kuuliza, ingawa namba ya chesisi imechapwa katika karatasi zake, na ingawa wizara ya uchukuzi ya Japani na kampuni zenyewe huiweka orodha ya magari yaliyoitwa katika intaneti, mtu yeyote aione.

Kisha husimama watu, tena wasomi, wakasema: maskini hachagui; ukinunua la mkono wa pili, usilalamike. Nani aliwafundisha hivyo? Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 humpa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora ufaao, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Hakikuandikwa humo kwamba haki hizo ni za mwenye gari jipya. Gari liandikishwapo Mombasa, namba ya chesisi huandikwa. Ni kazi gani kubwa kuitazama namba hiyo katika orodha ya wito kabla ya kumpa mtu nambari ya gari? Na polisi aendapo mahali pa ajali akapima urefu wa alama za matairi, ni kazi gani kubwa kuandika pia ni taa zipi za hadhari zilizokuwa zikiwaka?

Ama sisi wenyewe tuna dhambi yetu, na sitaipita kando. Mtambo wa uthabiti una taa yake: picha ya kigari chenye mikia miwili iliyopinda. Ikimetameta wakati wa utelezi, mtambo uko kazini. Ikiwaka bila kuzimika, mtambo una kasoro, na kwa kawaida umejitoa kazini. Breki za kawaida zipo, lakini yule mlinzi wa kona hayupo. Huenda ni waya wa kihisi uliokatika, huenda ni matope, huenda ni gurudumu lililotiwa tairi la kimo kingine. Kuna tena wanaoliinua gari kwa vipande vya chuma ili lisigonge mawe, wakalifanya jepesi kupinduka, na mtambo haukupewa habari. Taa inapowaka, watu wetu husemaje? Kwamba ni taa tu. Gari linaenda. Ajali haina kinga. Methali hiyo imewafaa wavivu kuliko watu wa namna yoyote.

Nazijua kauli hizo kwa sababu nimezisema. Miaka michache iliyopita nilikuwa na gari dogo, lililotoka Japani likiwa na umri wa miaka 7. Siku moja niliingia katika shimo, na tangu hapo taa ile ikawaka. Fundi wa kando ya njia aliniambia kwamba kihisi kipya ni ghali, na kwamba kwa shilingi 700 angeweza kunipumzisha macho. Akaifungua dashibodi, akabandika utepe mweusi nyuma ya kile kigari chenye mikia miwili. Nikamlipa. Nilimsifu hata. Baada ya mwaka nikaliuza gari kwa mwenzangu, mwalimu wa hisabati, mtu mwangalifu ambaye huhesabu chenji mara mbili. Aliniuliza kama gari lina shida yoyote. Nikamwambia halina.

Mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, alikuwa akiteremka barabara ya Kericho. Katika kona moja mkia wa gari ulitoka. Lilizunguka, likaingia mtaroni, likabingirika. Alivunjika nyonga. Alishitakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, akatozwa faini, na mpaka leo hupanda ngazi za shule yetu kwa mguu mmoja kwanza. Siwezi kuapa kwamba mtambo ungalimwokoa. Mvua ilikuwa nyingi, na hata mtambo haushindi kila kona. Lakini yeye hakupewa nafasi hiyo, na aliyemnyang'anya nilikuwa mimi. Nilimtembelea hospitalini mara nne. Nilimpelekea machungwa. Sikumwambia.

Nilimwambia baada ya mwaka na zaidi, wiki moja baada ya kukisoma kisa cha msichana wa Texas. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mwalimu, unajua ni usiku mara ngapi nimeipinda kona ile tena kitandani, nikitafuta pale nilipokosea?" Hakusema neno jingine siku hiyo.

Tulikwenda pamoja katika kituo cha polisi kilichoandika ajali ile. Afande aliyekuwa zamu alituambia kwamba kilichokwisha kuandikwa katika kitabu hakifutwi, lakini kwamba naweza kuandikisha maelezo mapya. Nikayatoa: shimo, taa, utepe mweusi, shilingi 700, na neno "halina" nililomjibu mwenzangu. Akayaandika polepole, akanipa kalamu. Katika ukurasa wa Aprili ule bado imeandikwa kwamba gari lilimshinda dereva. Kurasa nyingi mbele yake yako maelezo ya pili, na sahihi iliyo chini yake ni yangu.